Mfupa Uliosemwa Umeunga

"Mwalimu, Mkeka wa kitandani mwako umekuangalia usiku kucha," alisema Daktari Nakijwa Mchome. "Pingili yako imeunga. Imeunga tangu kabla ya mavuno ya tangawizi."

Aligeuza kioo cha mezani ili mgonjwa ajionee mwenyewe. Uti wa mgongo wa Mwalimu Namkunda ulionekana wote, pingili juu ya pingili, wote kijani, rangi ya mfupa mzima. Hata ile pingili iliyopasuka siku alipoteleza kwenye ngazi za shamba ilikuwa ya kijani kama nyingine zote.

Mwalimu Namkunda hakuketi. Alisimama ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na nyuma yake alisimama binti yake Naetwe, mkoba wa mama yake begani.

"Nimeona," alisema Mwalimu. "Lakini panauma, Daktari. Mwanzoni palitulia kabisa. Nikarudi shambani, nikarudi kwaya. Sasa pamerudi, tena vibaya kuliko mwanzo."

"Panauma wakati gani?"

"Nikisimama. Nikiinuka kitandani ndiyo balaa. Nikilala panatulia."

"Kila mtu akilala anatulia, Mwalimu."

Muuguzi aliyekuwa mlangoni alicheka, na Nakijwa naye akatabasamu. Hakuwa mtu mkatili. Asubuhi ile foleni ilikuwa imefika barazani, na mbele yake alisimama mwanamke mzima, mwenye mifupa ya kijani, akija kwa lalamiko lilelile kwa mara ya tatu. Utaratibu wa nchi nzima ulieleweka: mwenye kijani akilalamika mara ya tatu, dawa za maumivu husimamishwa, naye hupelekwa chumba cha ushauri.

"Tangu marehemu mume wako aondoke, unaishi peke yako?" Nakijwa aliuliza kwa upole.

"Ndiyo."

"Upweke nao huuma. Mwili unautafutia mahali pa kuuweka. Wala si jambo la kuonea haya."

Naetwe akafungua mdomo, lakini mama yake alimgusa mkono, akanyamaza. Mwalimu alikitazama kioo kwa muda, uti wake wa kijani, kama mtu anayetazama picha yake asiyokumbuka ilipigwa lini.

"Basi samahani kwa kukupotezea muda, Daktari," alisema.

Hakusema kwa kejeli. Aliomba samahani kweli, akatoka polepole, akishika kuta.

*

Wakati Mkeka ulipoletwa Vuaga, wanawake wa mlimani waliuogopa. Ulikuwa kitambaa chepesi kama kanga, kinatandikwa chini ya shuka, na usiku mzima kinasikiliza jinsi sauti ndogo isiyosikika na binadamu inavyopita kwenye mifupa. Asubuhi kinasema kilichoona. Ilivumishwa kwamba kinasikiliza hata ndoto, kwamba kinaipelekea serikali siri za vyumbani.

Mwalimu Namkunda, ambaye alikuwa amefundisha nusu ya kijiji kusoma na bado aliongoza kwaya ya akina mama, ndiye aliyemaliza ubishi. Aliutandika Mkeka katikati ya ukumbi wa kanisa, mchana, mbele ya watu wote, akalala juu yake. Akalala kwelikweli, akakoroma. Wanawake walicheka mpaka wakafuta machozi, na wiki ileile kila nyumba ikauchukua.

Na ulisaidia. Kabla yake, mwanamke wa umri ule angeinua ndoo, akasikia kitu kimekatika mgongoni, akasema ni uzee, akaendelea kubeba. Mifupa iliyokwisha kuwa myepesi hupasuka bila kelele. Mkeka uliusikia ufa asubuhi ileile, ukamwita mwenyewe hospitalini kabla hajainua ndoo nyingine.

Kitu kimoja tu ulihitaji kuambiwa na binadamu: mfupa uliopasuka uhesabiwe umepona lini. Kanuni hiyo iliandikwa na Nakijwa alipokuwa bado mwanafunzi Dar es Salaam. Pingili ikirudi kwenye kimo chake, na usiku baada ya usiku kimo hicho kisibadilike, imeunga. Walimu wake waliisifu kwa kuwa fupi. Alipewa tuzo kwa ajili yake, akachagua mwenyewe kuja kufanya kazi Vuaga, mahali ambapo kanuni yake ilikuwa inalaliwa na watu.

*

Mvua za vuli zilipoanza, Naetwe alimleta mama yake kwa gari la waya, lile linaloning'inia juu ya mabonde, amelazwa kwenye mlango uliong'olewa kwenye bawaba zake. Hakukuwa na machela kule juu.

"Tangu jana mguu wa kulia hauinuki," Naetwe alisema. Hakumwamkia Nakijwa. "Na amejikojolea. Hakutaka niseme. Alisema nyie mmeshamweleza."

Nakijwa alimgonga Mwalimu chini ya goti kwa nyundo ndogo ya mpira, na mguu ukaruka kupita kiasi. Akamgusa kwa pamba kuanzia kitovuni kushuka. Kuna mahali Mwalimu alikoma kusema "naisikia". Kitu kilikuwa kinabana mshipa mkuu wa fahamu ndani ya uti. Lakini kitanda cha hospitali nacho kilikuwa na Mkeka wake, na kioo cha ukutani kilionyesha kijani kitupu, na sauti tamu ya kike ya Mkeka ikasema, "Mfupa umeunga. Siku njema."

"Izime," Nakijwa alisema.

Akamwomba Mwalimu aketi. Walimwinua wao wawili, yeye na Naetwe. Mwalimu alipofika nusu, uso ulimbadilika, akauma ukosi wa gauni lake ili asipige kelele. Nakijwa alikuwa amemwekea kiganja mgongoni kumkinga, na chini ya kiganja hicho kitu kikatokea. Pingili ilisukuma nje, ikatengeneza kibyongo. Sekunde chache kabla, akiwa amelala, hakikuwepo.

"Tumlaze tena."

Wakamlaza. Kibyongo kikazama, mgongo ukawa umenyooka.

Nakijwa aliurudisha mkono wake taratibu. Alikuwa ameelewa. *Nikilala panatulia.* Mwalimu alimwambia kila kitu siku ile, kwa maneno rahisi, naye akamjibu kwa mzaha.

Mashine ya eksirei ilikuwa stoo, imefunikwa turubai. Haikuwa imetumika tangu Mkeka ulipoingia. Mtaalamu wa mionzi, Bwana Sefania, aliifuta vumbi, akaiwasha, wakapiga picha mbili. Ya kwanza Mwalimu akiwa amesimama, ameshikiliwa huku na huku. Ya pili akiwa amelala chali, mto mgumu chini ya mgongo.

Kwenye picha ya kwanza pingili ilikuwa imebonyea kama kipande cha mkate kilichokaliwa, na ukingo wake wa nyuma umesogea kuubana mshipa wa fahamu. Kwenye picha ya pili pingili ileile ilikuwa imefunguka na kurudi kwenye kimo chake. Lakini haikuwa imejaa. Katikati yake palikuwa na ufa mweusi, mpana, mtupu.

"Hiyo nyeusi ni nini?" Naetwe aliuliza.

"Hewa," Nakijwa alisema. "Mfupa ulipopasuka, damu haikurudi kuulisha. Ukaanza kufa ndani kwa ndani. Hilo huchukua wiki, pengine miezi, na mtu anaweza kujisikia amepona kabisa. Kisha unaporomoka. Akisimama, uzito wa mwili unaubonyeza. Akilala, unafunguka kama mdomo na kubaki tupu."

"Na Mkeka?"

"Mkeka unamwona mtu akiwa amelala tu."

Naetwe aliziangalia picha zile mbili. "Kwa hiyo kila usiku uliona kimo kimerudi."

"Kila usiku."

"Nani aliuambia kwamba hiyo ndiyo kupona?"

Bwana Sefania alijifanya anakunja turubai. Nakijwa angeweza kusema ni wataalamu wa Dar es Salaam, wala usingekuwa uongo mtupu.

"Mimi," alisema.

*

Daktari Kiure, mganga mfawidhi wa hospitali, alizitazama picha akiwa amesimama dirishani. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, na Nakijwa alikuwa akimheshimu tangu siku ya kwanza.

"Utamfanyia lini?"

"Mchana huu. Nitajaza ule ufa kwa saruji ya mifupa, na niweke skrubu juu na chini ili isirudi kubonyea. Mshipa wa fahamu umebanwa siku moja tu. Mguu unaweza kurudi."

"Vizuri. Na wengine?"

"Madaktari wa zamani waliujua ugonjwa huu, miaka mia na zaidi iliyopita. Sisi tuliacha kuutafuta. Wote waliolalamika wakiwa na kijani inabidi wapigwe picha wamesimama. Na waambiwe kwa nini."

Kiure aliziweka picha mezani, zikiwa zimepinduliwa.

"Mama yangu alikufa amekunjika kama mundu," alisema. "Alikuwa hawezi kuinua uso kuniangalia. Nilikuwa nachuchumaa ili tuonane. Mkeka ungekuwepo, ungemgundua mapema. Sasa wewe uende ukawaambie akina mama kwamba Mkeka unakosea. Unadhani watasema unakosea kidogo? Watautupa jikoni. Na yule atakayepasuka pingili kesho, nani atamwona?"

"Sijui."

"Tuwaite polepole. Tuseme ni uchunguzi wa kawaida. Tuwapige picha wamesimama, mwenye shida atibiwe, huku wewe ukirekebisha kanuni yako kimyakimya. Nani atakuwa ameumia?"

Nakijwa alizigeuza picha zitazame juu. Maneno yale yalikuwa yamemfariji, yalimwingia kama chai ya moto kwa mtu aliyelowa, na aliposikia faraja hiyo aliona haya kuliko alivyokuwa ameona asubuhi yote. Alitaka sana Kiure awe sahihi. Alijiona tayari akirekebisha kanuni, jina lake likibaki safi, Mwalimu akitembea.

"Hawatakuja," alisema mwisho.

"Kwa nini wasije?"

"Kwa sababu tumewafundisha wasije. Wanaoumwa ndio tuliowaambia hawaumwi. Ukimwita mmoja wao kwa uchunguzi wa kawaida, atakujibu Mkeka wake ni wa kijani."

"Utakapovaa joho la upasuaji, wewe ni daktari wangu," Kiure alisema taratibu. "Ukienda kutangaza, utakuwa umekwenda bila mimi. Na hutarudi hapa."

*

Kabla ya upasuaji Nakijwa aliketi kando ya kitanda cha Mwalimu Namkunda. Alimweleza yote: ufa, kanuni, nani aliiandika. Hakujitetea popote.

Mwalimu alisikiliza macho yake yakiwa darini.

"Nilikuwa nimeanza kuamini mimi ni mwongo," alisema. "Unajua, nilikuwa nikisimama mbele ya kioo najiambia, Namkunda, acha. Huumwi. Unataka watu wakuhurumie. Nikawa najikaza. Jioni nimeinama mpaka gauni linaburuza chini mbele, nasema nimenunua kubwa."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Subiri kwanza." Alimgeukia. "Unataka kuwaambia wanawake wangu?"

"Ndiyo. Lakini siwezi kusema habari za mwili wako bila wewe kuridhia."

"Basi siridhii."

Nakijwa alishangaa, na Mwalimu akaliona hilo.

"Elieshi unamjua? Sauti ya pili kwenye kwaya, yule mnene, mcheshi. Alipasuka pingili kabla yangu. Akapona, kisha akaanza kusema mgongo unamuuma. Kila mazoezi anaomba kiti. Siku moja nikamwambia mbele ya wote, Elieshi, mimi nimelala kwenye Mkeka huu kabla yenu nyote na hausemi uongo, acha kudeka. Watu wakacheka. Hakurudi tena." Alivuta shuka mpaka kidevuni. "Ukiwaambia, watajua nilichomfanyia. Mimi ndiye niliyewalaza wote juu ya kitu hicho. Niache nife na heshima yangu, mwanangu. Nenda umtibu Elieshi kimya."

Yalikuwa maneno ya Kiure, kutoka mdomo mwingine. Na sasa yalitoka kwa mtu ambaye Nakijwa hakuwa na haki ya kumkatalia.

"Nitakwenda kwa Elieshi," alisema. "Hilo naahidi."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Mwalimu alilazwa kifudifudi, mito chini ya kifua na nyonga, tumbo likining'inia, na kwa uzito wake wenyewe mgongo ukanyooka na ule ufa ukafunguka. Nakijwa alipitisha sindano nene mpaka ndani ya pingili. Kilichotoka kwanza kilikuwa maji meusi kidogo. Kisha akaingiza saruji, tone kwa tone, akiitazama kwenye kioo kama mtu anayemimina mafuta ya taa kwenye kibatari kidogo, maana ikivuja upande wa nyuma ingeunguza mshipa uleule aliotaka kuuokoa. Ilijaza weusi wote. Akafunga skrubu, akashona.

Mwalimu alipozinduka, alikunja vidole vya mguu wa kulia. Naetwe aliviangalia vidole hivyo, akatoka nje ya chumba kulia.

*

Kesho yake asubuhi Nakijwa alipanda gari la waya hadi kwa Elieshi. Nyumba ilikuwa imefungwa kwa ndani.

"Ni nani?"

"Shikamoo mama. Ni Daktari Nakijwa, wa hospitali."

"Sikumwita daktari."

"Nimekuja kuhusu mgongo wako."

"Mgongo wangu ni mzima. Waulize wenzako. Waulize kwaya." Sauti ilitoka chini sana, karibu na sakafu.

"Mama, unaweza kusimama ufungue mlango?"

Elieshi akasema, kwa sauti ambayo pengine wakati mwingine ilichekesha watu, "Nenda zako, binti. Nilishachekwa vya kutosha. Sitachekwa tena nikiwa hivi."

Nakijwa alibaki pale mlangoni, mvua ikimnyeshea. Alimwambia Elieshi kupitia ubao wa mlango kwamba Mkeka ulikosea, kwamba kosa lilikuwa lake. Mlango haukufunguliwa. Kwa nini aamini? Daktari yuleyule alikuwa amemtabasamia na kumpeleka chumba cha ushauri. Nakijwa alijaribu kuukumbuka uso wake siku hiyo, hakuukumbuka. Hilo nalo lilimwumiza.

Alirudi hospitalini, akamwambia Mwalimu alichokisikia. Hakuongeza neno. Hakumwomba chochote.

"Sauti ilitokea chini?" Mwalimu aliuliza.

"Sakafuni."

Mwalimu Namkunda alifumba macho. Naetwe, aliyekuwa akimenya chungwa, alisimamisha kisu.

"Leo ni siku ya mazoezi," Mwalimu alisema. "Wako ukumbini mchana huu. Nenda ukaseme. La kwako useme wewe, na la kwangu nitalisema mwenyewe. Naetwe, nipe hiyo simu."

*

Wanawake wa kwaya walikuwa wamepanga madaftari ya nyimbo kwenye viti na walikuwa wakinywa uji. Walimkaribisha Nakijwa, wakampa kikombe. Hakuweza kukinywa.

Alisimama mbele akazibandika picha mbili ukutani. Alieleza kwa maneno aliyotumia kwa Naetwe, bila kupamba. Huu ni mgongo wa Mwalimu akiwa amesimama. Huu ni uleule akiwa amelala. Mkeka hauwaoni mkiwa mmesimama. Unasikia ufa mpya vizuri, na kwa hilo bado unasema kweli, msiutupe. Lakini unaposema umeunga, msiuamini. Aliyeutuma useme hivyo ni mimi.

Mwanamke mmoja mstari wa mbele aliweka kikombe chini. "Ulimwambia dada yangu ni upweke," alisema. "Tukaanza kupokezana kulala kwake ili asiwe mpweke."

"Nilimwambia hivyo, ndiyo."

"Alikufa mwezi uliopita. Hakuinuka tena kitandani, kifua kikajaa maji."

Nakijwa alisimama tu huku wakimtazama. Mwanamke wa nyuma akainuka akatoka, na wawili wakamfuata. Mvua ilisikika juu ya bati kama watu wanaotembea.

Ndipo sauti ya Mwalimu ikatoka kwenye simu ambayo Nakijwa alikuwa ameiweka mezani, dhaifu, na kila mtu akakaa wima kwa mazoea.

"Mnanisikia? Mimi ni Namkunda. Mguu wangu umeanza kurudi. Elieshi hakuwa anadeka. Mimi nilimwaibisha mbele yenu, na nyinyi mkacheka kwa sababu nilicheka mimi. Yuko sakafuni kwake. Hatafungua mlango kwa daktari. Nawaomba mwende mkamwambie nimesema hivi, mbele ya wote, kama nilivyosema lile jingine mbele ya wote."

Walianza kukusanya kanga zao, wakatoka.

*

Walikuwa wengi barazani kwa Elieshi. Walizungumza naye kupitia mlangoni kwa Kipare, mmoja baada ya mwingine, na Nakijwa, aliyekulia Same mjini na kukijua nusunusu, alisimama mbali uani asisikie kila kitu. Mwisho komeo likavutwa. Lilichukua muda mrefu kuvutwa.

Elieshi alikuwa amejitandikia magodoro karibu na jiko ili asihitaji kusimama kupika. Miguu yake ilikuwa imekonda, ngozi ya visigino imechubuka kwa kutambaa. Nywele zake, hata hivyo, zilikuwa zimesukwa vizuri. Alimtazama Nakijwa akiingia.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye," walisema.

Nakijwa alipiga magoti. Alitaka kumpima miguu, akanyoosha mkono, na Elieshi akasema bila kupandisha sauti, "Asinishike."

Mkono ukarudi.

"Naweza kukuuliza tu?"

"Uliza ukiwa huko huko."

Akamwuliza akiwa huko huko. Elieshi alijibu yote: lini paliuma, lini palitulia, lini miguu ilianza kufa ganzi. Miguu ilikuwa imekufa muda mrefu. Nakijwa alijua maana yake, na alipoulizwa alisema ukweli, kwamba maumivu yanaweza kuondolewa na mgongo ukasimama tena, lakini kuhusu miguu hakuwa na ahadi ya kutoa. Elieshi alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za jirani.

"Nipelekeni," aliwaambia wanawake.

Wakambeba wao kwenye godoro, wakipokezana pembe, kushuka ngazi za mashamba ya tangawizi. Nakijwa alifuata nyuma. Simu yake ilitetemeka mfukoni: ni Kiure, akimtaka arudishe kitambulisho na funguo. Kulikuwa na ujumbe mwingine, kutoka Wizarani, ambako alikuwa amepiga simu asubuhi kabla ya kupanda mlimani, akaeleza kosa la kanuni bila kutaja jina la mgonjwa. Walitaka picha zote mbili na maelezo, na walisema sauti ya "umeunga" itazimwa nchi nzima mpaka ukweli ujulikane. Aliusoma akitembea. Haukumpa furaha aliyoitarajia. Watu walitoka kwenye nyumba zao kutazama, na macho yao yaliteremka kutoka kwenye godoro mpaka kwake, mtu wa mwisho kwenye msafara, asiyebeba kitu.

Kituoni, gari la waya lilikuwa linasubiri milango wazi. Godoro lilijaza sakafu, wanawake wakajibana kwenye viti vya pembeni. Nakijwa alibaki nje. Aliona wazi kwamba angesubiri gari jingine, na hakulalamika.

"Nani atapiga hiyo picha ya kusimama?" Elieshi aliuliza.

Wanawake walitazamana. Bwana Sefania angeweza, lakini hakuna aliyemtaja.

"Mimi sina kazi tena hospitalini, mama," Nakijwa alisema. "Pengine hawataniruhusu kuingia."

"Wataruhusu," alisema yule ambaye dada yake alikufa. "Tutaingia wote."

Elieshi alimtazama Nakijwa kwa muda mrefu, kutoka kwenye viatu vyenye tope mpaka usoni.

"Aingie," alisema mwisho. "Lakini asiketi."

Nakijwa aliingia, akashika bomba la juu. Gari likaachia mlima na kuanza kuteremka kwenye ukungu, na njia nzima alisimama, upande wa kichwa cha Elieshi, mahali ambapo kila mmoja wao angeweza kumwona.